Udi wa Kwendea Sinema

...na bado hajalia, mwanamke huyu wa Kizungu kwenye kitambaa cha sinema, wamekuja wanaume wawili wenye kofia wakamletea koti la mumewe bila ya mume, wakaondoka, naye amekaa dirishani, nje theluji, ndani giza, anashona kifungo kilichokatika, sindano inaingia, inatoka, uso umetulia kama maji ya mtungini, na ukumbi mzima wa wanawake hawajui wafanye nini na uso kama huo, maana tulikuja kwa picha ya Kihindi, wengine na leso mbili mbili za kufutia machozi, tukaambiwa mlangoni ya Kihindi haikufika, itakuwa hii ya nchi rafiki... "Kafiwa huyu au kaletewa kazi ya ushoni?" anauliza mmoja nyuma, ukumbi unacheka, nami nacheka, kidogo, kwa sababu kushoto kwangu kakaa Bi Mwatum na ubuyu wake, na Bi Mwatum ni mtu wa tawi la chama, jirani yangu wa Kikwajuni, mlango kwa mlango, neno likipita mtaani asubuhi yeye mchana keshalifikisha tawini, cheka, Kidawa, cheka kama wenzako.

Masoud angeipenda hii. Mume wangu alikuwa na mapenzi yake ya ajabu, wenziwe wanakimbilia mapanga na nyimbo, yeye ananichukua kwenye ukumbi wa wageni kuona picha za giza, watazamaji wachache na nusu yao wamelala, naye kainama mbele kama anayesikiliza mgonjwa, mimi nalalamika, Masoud, mbona hawa hawasemi, mbona nikitoka humu naogopa hata kwenda uani peke yangu, ananiambia, "Mwigizaji mbaya akifiwa anapiga kelele, Kidawa, mzuri anatafuta uzi," nikamcheka sana, lakini polepole nikaanza kuona, bega linaloshuka kidogo, glasi inayowekwa mezani bila sauti, nikawa nazipenda kumshinda yeye, zile picha ambazo hakuna kinachotokea na moyo unakudunda... angeipenda, na hataiona, kwa sababu leo asubuhi Silima, mdogo wangu, tumbo moja, kasimama mlangoni kwangu na viatu mkononi, akasema, "Dada, ngalawa ilipinduka," halafu akaketi chini.

Ile ngalawa iliyomchukua Masoud kutoka Uroa kumvusha Mombasa, bila ruhusa, bila karatasi yoyote, bahari ikamrudisha pwani ya kaskazini, watu wa huko wakamkosha, wakamsalia, wakamzika, hawakuuliza mtoto wa nani, na mwenzake mmoja aliyeogelea akanusurika ndiye aliyemtafuta Silima kumpa habari, wiki nzima imepita, nami wiki nzima nampikia uongo Bi Mwatum, Masoud yuko Uroa anamuuguza mama yake, mzee hajiwezi, akipata nafuu atarudi. Na aliyemfikisha Masoud kwenye ngalawa ni Silima. Ikijulikana Masoud katoroka, atachukuliwa Silima, na wanaochukuliwa siku hizi hatuulizi wamepelekwa wapi, tunaacha tu kuwataja.

Kwa hiyo mimi nina eda, hapa, kitini, na ubuyu unatafunwa pembeni... miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, hapaki wanja, hatii manukato, na eda haingoji mke apate habari, inaanza pale mume anapokata roho, basi wiki nzima nimekuwa ndani yake na sijui, naimba jikoni, na leo ninajua, ningefunga mlango, ningelala chini nikalia mpaka nikauke, lakini nikifunga mlango leo Bi Mwatum ataubisha kesho, kulikoni Kidawa, nani kafa? Ndipo nikakichukua kila kilichokatazwa nikakifanya, nikapaka wanja, nikajifukiza udi mpaka nguo zikanuka harusi, nikatia kikuba cha asumini kifuani, nikampitia mwenyewe, "Shikamoo Bi Mwatum, hatwendi sinema?" ili anione, anione vizuri, aone mwanamke mwenye mume.

"Kidawa mwanangu."

"Naam, Bi."

"Mkweo hajambo?" Bado anatazama mbele, theluji inamwangaza usoni. Hajambo kidogo, Bi, namwambia. "Na Masoud yuko huko huko?" Yuko, Bi. Anatema kokwa ya ubuyu kiganjani, taratibu, nami nadhani yamekwisha. "Basi udi wote huu wa nani?"

Ya Rabi... udi wote huu wa nani, mke ambaye mumewe kasafiri hajifukizi udi, mtoto wa kike wa mji huu anajua hilo kabla hajajua kusonga ugali, udi ni wa mume, asumini ni ya mume, nami nilivyokimbia kuonekana mjane nikasahau kwamba mke aliyebaki peke yake naye ana sura yake, shungi la kawaida, buibui linalonuka sabuni tu, basi, nimezidisha, Masoud, nimepiga kelele, mimi niliyefundishwa nawe, na sasa anangoja, nikisema harusi atauliza ya nani, nikisema Masoud anarudi leo atakuja kumwamkia, na kwenye kitambaa yule mwanamke anakata uzi kwa meno, hainui macho, hafanyi lolote... nami sifanyi lolote. Nateremsha macho, navuta buibui kidogo kifuani, na pembe ya mdomo, pembe moja tu, naiachia itabasamu.

Kutafuna kumesimama. "Ala!" Halafu kiwiko chake kinanigonga mbavuni, na kicheko cha chini, kitamu, cha mtu aliyeokota lulu. "Na mwenzio anauguza mzazi! Una roho, wewe."

Kaamini. Nina bwana wa siri, ndivyo alivyoamini, na kesho Kikwajuni nzima itajua Kidawa ana bwana, wataninong'ona kisimani, mama yangu ataambiwa, na mume wangu udongo wake haujakauka, nisamehe, Masoud, nisamehe, ninaona haya mpaka masikio yanawaka, na lililo baya zaidi, ndani kabisa, kuna kitu kimefurahi, kimeona nimefanya vizuri, kingependa ungeniona.

"Ntamjua tu," ananong'ona sikioni, "leo silali mie, ntakaa barazani mpaka nimwone anaingia," anacheka, na hajui kwamba leo baada ya isha kuna anayeingia kweli, nimemwita mwenyewe, nimemng'ang'ania, njoo, Silima, njoo unieleze wapi walipomlaza, na Bi Mwatum akiona si bwana, ni Silima, atamwita kwa wema wote wa jirani, karibu kitako, shemeji yako hajambo huko Uroa? Na Silima hajui uongo wangu huu wa Uroa. Silima uso wake ni mlango wazi tangu utotoni, hajapata kutazama picha hata moja ya namna hii, cha kucheka hukicheka, cha kulia hukililia, atalia pale pale barazani mbele yake kabla hajajibu... nataka kusimama, asiye na neno hasimami katikati ya picha, nje jua linashuka, pengine keshatoka kwao, mwanamke anashona kifungo cha pili, Bi Mwatum ananinyooshea ubuyu, napokea, nasema ahsante Bi, natafuna, nimetulia, usoni hamna kitu, Silima, ndugu yangu, usije, usije leo, usije.