Uji wa Muhogo kwa Kanga za Mama

Mimi sipendi mshono uliopinda. Nasema mapema ili mtu asije kunilaumu huko mbele. Nina miaka ishirini na mbili nashona hapa Makorora, magauni, mapazia, sare za shule, na sijawahi kumkabidhi mteja kitu kilichokwenda upande. Tabia hiyo nimeirithi kwa marehemu mama yetu, ambaye alikuwa akikuamsha usingizini urudie kukunja shuka kwa sababu pindo halikukutana na pindo.

Mama alipofariki, nguo zake nyingi zilitolewa sadaka, kama ilivyo desturi. Kanga tuligawana mimi na mdogo wangu Khadija. Mimi nilichukua doti tatu, yeye akachukua doti mbili na kanga moja nyekundu isiyo na mwenzake, ile aliyokuwa akijifunga Mama kila siku mwaka wake wa mwisho. Kisha Khadija mwenyewe ndiye aliyekuja na wazo la kuzikata zote, nimshonee mfarishi wa viraka wa kumfunikia mtoto wake wa kwanza siku ya arobaini. Mama alimwahidi, mimba ikiwa bado, kwamba mjukuu huyo atapokewa kwa kanga ya bibi yake, na ahadi ile ilikuwa inamuuma. Anaishi Kigombe na mumewe Luqmani, na wakati huo mimba ilikuwa ya miezi saba.

"Ila Dada, nakuomba usizifue," aliniambia alipoleta doti zake mbili. "Bado zina harufu ya Mama."

Ile nyekundu hakuileta. Aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akasema ataileta mwishoni kabisa.

Niliitikia kwamba sitazifua, bila kufikiri. Hilo ndilo kosa langu.

Nilichora nyota ya ncha nane ikae katikati ya mfarishi. Ncha hukatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika ukikigusa tu, seuze kanga iliyofuliwa miaka kumi mpaka imelegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ndiyo maana hukazwa kwa pasi kabla ya kukatwa, na njia za kukaza ni mbili. Ya kwanza ni wanga. Unachovya kitambaa kwenye uji mwepesi wa muhogo, unakianika, unakipiga pasi kingali na unyevu, kinasimama kama karatasi. Lakini wanga hauachwi ndani ya nguo kwa joto la pwani hii, mende watakula na ukungu utaota. Ukimaliza kushona lazima ufue. Ya pili ni dawa ya kupuliza, nyepesi, haina wanga, haiiti mende wala hailazimishi kufua.

Dawa hiyo nilipewa na Elizabeti, Mama Lucas, fundi mwenzangu wa Usagara aliyejifunza viraka kwa kina mama wa kanisani kwao.

"Chukua, Mama Badru," aliniambia. "Puliza, ngoja inywe, halafu bonyeza pasi. Usiisukume."

Nilijaribu kwanza kwa kanga yangu mwenyewe kuukuu, maana sijawa mwehu. Nikapuliza, nikangoja, nikabonyeza, nikakata, nikaanza kushona. Ncha mbili zikakutana. Ya tatu ikapitiliza kwa upana wa punje ya mchele, na nilipofika ya nane nyota ilikuwa imevimba katikati kama andazi. Nikafumua. Nikapuliza mara mbili, nikashona, nikafumua tena. Siku tatu nilishinda hivyo, sikuwa na hamu ya kula wala ya kusemeshwa. Siku ya nne nikainusa ile kanga, ikanijia harufu ya maua ya chupani. Nikaketi chini. Basi hata ningeweza kuishona, harufu ya Mama ingefunikwa vilevile.

Nilimpigia Mama Lucas kumlalamikia. Akacheka.

"Mimi naitia kwenye pamba mpya, jirani. Hizo za kwako zimechoka."

Nikampigia na Khadija. Sikuzunguka.

"Nitatia wanga," nikamwambia. "Na nikimaliza nitafua."

Akaja juu.

"Basi nirudishie kanga zangu."

"Uzifanyie nini? Zikae kwenye nailoni mpaka zioze?"

"Na zioze! Zangu! Kesho naja kuzichukua." Akakata simu.

Nililia, kwa nini nifiche. Nililia kwanza kwa hasira, halafu nikamlilia Mama. Mimi nami nilikuwa nazinusa zile doti zangu mlango ukiwa umefungwa, na nilijua jambo ambalo Khadija hakutaka kulisikia, kwamba kila tukizifungua harufu inapungua. Mwaka mmoja tu na isingebaki hata ya kubishania. Mfarishi ulionyooka utamfikisha yule mtoto mpaka naye apate wa kwake. Nikafuta uso, nikaamua. Nitaanza na doti zangu tatu, aone kwa macho yake. Za kwake nilizikunja nikaziweka kando, kwani mimi ni mkali lakini si mwizi.

Asubuhi nikakuna muhogo, nikaukamua kwa kitambaa, nikauacha wanga utuame, nikamwaga maji ya juu. Kazi hiyo sikuwa nimeigusa tangu Mama afe. Ilikuwa yake, kila Alhamisi, kwa ajili ya kanzu ya Baba ya Ijumaa, na sisi tulikuwa wa kukoroga tu. Nikaumimina kwenye maji yanayochemka, nikatia karafuu tatu na matone ya marashi kama alivyokuwa akitia yeye, nikakoroga mpaka ukaanza kung'aa.

Khadija aliingia bila hodi. Hata shikamoo hakunipa, ndipo nikajua amekuja kwa vita. Alifika mpaka mlango wa uani, tumbo mbele, mkoba begani, mdomo umeshafunguka. Kisha akasimama.

"Nini hicho?"

"Wanga. Si nilikwambia?"

Nikashika mfuniko nifunike sufuria. "Usifunike," akasema. Akavuta kigoda, akaketi taratibu, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, kamasi na yote.

"Dada," akasema, "leo Alhamisi."

Ilikuwa Jumanne. Lakini nilimwelewa, mwiko ukabaki mkononi. Nikaenda nikachukua doti moja, nikaisogeza puani, nikarudi nikainamia sufuria. Karafuu, marashi na ule uchachu mtamu wa muhogo. Mwaka mzima tumeibania harufu ile kwenye mifuko, kumbe Mama alikuwa akiipika kila wiki mbele ya macho yetu.

Tulikaa hivyo mpaka uji ukapoa.

"Ukifua itatoka?" akauliza.

Sikutaka kumdanganya. "Itatoka yote."

Akafungua mkoba, akatoa ule mfuko wa nailoni. Kumbe alikuwa akitembea nao. Aliufungua fundo, akazika uso wake katika kanga nyekundu, akavuta pumzi ndefu moja. Halafu akaichovya mwenyewe, mikono miwili mpaka viwikoni.

Ncha nane zilikutana zote. Nilizipima kwa rula, nikazipima tena, hakuna iliyopitiliza. Nilishona, nikatia pamba, nikaishikiza kwa mishono ya mkono, nikafua maji matatu, nikaanika uvulini. Mtoto alipozaliwa, wa kike, mfarishi ulikuwa umeshakunjwa, pindo kwa pindo.

Arobaini iliangukia Alhamisi. Tulimfunika mtoto kule Kigombe mbele ya kina mama wote, nyota nyekundu juu ya kifua chake. Wageni walipoondoka, Khadija aliinama akaunusa mfarishi, kona hadi kona. Nikajiandaa kwa maneno, na majibu nilikuwa nayo.

"Haunuki kitu," akasema.

"Nilikwambia."

Akaniwekea mtoto mapajani, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Muhogo upo jikoni," akasema. "Kesho Ijumaa, na kanzu ya Luqmani haina wanga. Karafuu ulisema ngapi?"