Yule Mama wa Kwenye Picha ya Zamani

"Wewe umeona ile ya zamani au hii mpya?"

Ndivyo msusi wa mlango wa pili alivyomuuliza mama mshonaji, wiki ile ile mwana wa mshonaji aliposhitakiwa kwenye mahakama ya jeshi. Mtaa mzima ulikuwa unabishana juu ya picha hiyo ya sinema, ya askari anayeshitakiwa kwa kuacha lindo. Walikuwa wameitengeneza upya, na kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Ya zamani," alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Hiyo mpya sina haja nayo."

Ya zamani aliijua kama sala. Aliiona na marehemu mumewe kwenye banda la video, mtafsiri wa papo hapo akiwa kijana waliyemwita Radi, maana akishika kipaza sauti hata bunduki za kwenye picha hazisikiki. Mwishoni mama wa askari anasimama mahakamani na kusema, "Waheshimiwa, huyu nimemlea kwa taabu, simjui kwa uongo." Jaji anafuta machozi, kijana anaachiwa. Siku ile hata wauza tiketi walilia.

Na mwanawe naye alikuwa ameacha lindo. Walikuwa wawili mlangoni mwa ghala la silaha, mwenzake akaanguka kifafa. Mwanawe akambeba mgongoni mpaka kwa huyo mgonjwa, kwenye nyumba za askari nyuma ya kambi, ziliko dawa zake. Kurudi, akakuta kufuli limevunjwa. Mbele ya mahakama mwenzake akakana kila kitu, maana jeshi likijua ana kifafa linamwachisha kazi.

"Mama, mshauri akiri kosa," wakili wa jeshi aliyepewa kumtetea kijana alimwambia. "Akikiri watampunguzia. Akibisha bila shahidi, wanamzamisha."

Lakini asubuhi, siku moja kabla ya kesi kuendelea, kwenye dirisha la mahabusu, yeye alimwambia mwanawe maneno mengine kabisa. "Usikiri lisilo lako, baba. Kesho nitasimama niseme mimi." Kijana alimtazama, akasema haya mama, na wakili akakatazwa kuligusa tena jambo la kukiri.

Mchana wa siku hiyo msusi akamvuta kwa nguvu akakae kwake. "Utakufa na hiyo cherehani, dada. Njoo uone zote mbili, uamue mwenyewe."

Wakaanza na mpya. Picha safi, nguo za askari zimenyooshwa hadi zinakata. Mwishoni askari akapelekwa jela miaka mingi.

"Wameiharibu," mama mshonaji alisema. "Mama yake yuko wapi?"

"Si huyo hapo, amekaa."

"Mbona hasemi?"

"Kwani alisema lini?"

Msusi akaweka ya zamani, safari hii bila sauti ya Radi. Mama mshonaji alisogea mpaka karibu pua iguse kioo cha runinga. Yule mama alisimama, ni kweli, kwa sababu watu wote walikuwa wamesimama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Jaji alikuwa anafuta miwani. Aliyekuwa anasema alikuwa askari mwingine, mwembamba, macho chini.

"Anasema nini huyo?"

Msusi akasoma maandishi ya chini. "Anasema aliyoyaona usiku ule. Ndiyo maana wanamwachia mwenzake. Kwenye mpya huyo huyo ananyamaza. Hiyo tu ndiyo tofauti, dada, vingine vyote sawasawa."

"Na yale maneno ya mama?"

"Hayo ya Radi. Si unamjua alivyokuwa akitia chumvi."

Mama mshonaji hakulia. Mtoto amekwisha kuambiwa abishe, na dirisha la mahabusu halifunguliwi tena mpaka kesi. Ee Mungu, alisema moyoni, ujinga ni wangu, usimlipishe yeye. Kisha akavaa viatu, akaenda nyuma ya kambi.

Alimkuta yule askari mwenzake mwanawe, mwenye kifafa, amekaa mlangoni anapiga viatu kiwi, mkewe ndani na mtoto mgongoni.

"Mama, nilishasema mahakamani. Mimi sikumbuki kuanguka."

"Hukumbuki, au hukuanguka?"

Yule askari akaendelea kusugua kiatu kilichokuwa kinang'aa tayari. "Nina watoto. Nikiachishwa kazi, hii nyumba ni ya jeshi. Tutalala wapi?"

"Sijui, mwanangu. Najua wangu atakakolala tu."

Mama mshonaji akapiga magoti pale pale kwenye sakafu, mtu mzima mbele ya kijana. Mke akatoka mbio. "Inuka, mama, usitufanyie hivi."

"Mwinue basi," mume alisema, hatazami.

Mke akamwinua, akabaki amemshika mkono. "Mlango nilifungua mimi," alisema, kama anajisemea. "Povu nilifuta mimi. Kijana wako nilimpa maji, akasema hana muda, akarudi mbio."

"Wewe, nyamaza."

"Nimenyamaza mpaka nimechoka. Mama, wakili wake yuko wapi saa hizi?"

"Ofisini kwake, karibu na geti."

"Ukienda huko," mume alisema, "usirudi kwangu."

Mke akafungua mbeleko, akamweka mtoto mapajani mwa mumewe, juu ya kiatu na brashi. Akajitupia mtandio begani, akashika njia ya getini.