Fahali ya Sengerema

Mwalimu Rugambwa alifundisha Kiswahili Sengerema kwa miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo adui yake alikuwa mmoja: mtu anayechanganya l na r. Alisahihisha wazazi walipokuwa watoto, akaja kusahihisha watoto wao. Amestaafu, lakini kalamu nyekundu haitoki mfukoni mwa shati. Kibao cha "Chakula Tayali" pale stendi amekisahihisha mara tatu, na mara tatu mama mwenye mgahawa amekipaka rangi upya.

Kwa hiyo Nusrat, mhariri wa Kivuko, gazeti la mji linalotoka kila Ijumaa, alipomwambia kuwa sasa ni zamu yake kwenye ukurasa wa Watu Wetu Mashuhuri, Mwalimu alijikaza asionyeshe furaha. Ukurasa huo ulishamtoa hadi fundi baiskeli, yeye bado. Na habari ilikuja wakati wake. Siku mbili nyuma alikuwa amemposa Specioza, muuguzi mstaafu. Yeye mgane, Specioza mjane. Specioza hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba anaogopa kuishi na mtu wa kumsahihisha mpaka mchuzi, apewe wiki mbili afikirie. Mwalimu akaona gazeti litamsemea.

Likamsemea kweli. Kompyuta ya Nusrat iliingia maji tangu masika, kwa hiyo habari zote huzisoma kwenye simu na kuituma sauti ng'ambo ya ghuba, kwa Shimba, mchapaji wa Mirongo. Shimba huandika kama anavyotamka yeye. Nusrat alisema "Fahari ya Sengerema." Juu ya picha ya Mwalimu aliyevaa tai, kwa herufi kubwa, ikatoka: FAHALI YA SENGEREMA.

Mji mzima ulisoma. Kwa kinyozi wakamuuliza anakula nini. Mfugaji mmoja, mtu mwema asiyejua utani, alipiga simu kuuliza kama anaweza kumleta mtamba wake Jumanne.

Mwalimu alimwendea Nusrat. Alidai masahihisho, ukurasa wa kwanza.

"Na hata ningekuwa fahali," akasema, "ningekuwa fahali wa Sengerema, si ya."

Nusrat, binti wa watu, aliomba radhi, na mbele yake akasoma kwenye simu taratibu, neno moja moja: Mwalimu Rugambwa si fahali, ni fahari. Mwalimu akaridhika. Hakujua kuwa kule Mirongo Shimba alipomaliza kuandika aliona "si fahali, ni fahali", akashangaa mtu anajirudiarudia nini. Shimba naye alipita darasani kwa Mwalimu, na alikumbuka vizuri alivyochapwa kwa kurudia maneno. Akafuta maneno mawili ya mwisho.

Ijumaa iliyofuata Kivuko likatangaza: MWALIMU RUGAMBWA SI FAHALI. Chini yake waliiomba radhi familia.

Afadhali ya kwanza. Sasa hakuna aliyemtania, walimpa pole. Mzee mwenzake mmoja alimletea mizizi kwenye chupa ya soda, akamwonyesha kipimo kwa kidole. Mwalimu alijifungia ndani siku nzima. Kilichomuuma hasa si mji. Alikuwa akimfikiria Specioza. Jumapili ya jibu ilikuwa keshokutwa, na angesimama mbele ya mwanamke yule akiwa amepandishwa na kushushwa na gazeti lile lile.

Jumapili baada ya misa Specioza alimngoja nje ya kanisa, Kivuko limekunjwa mkononi. Alisema wiki moja ameambiwa huyu ni fahali, ya pili akaambiwa siye, na kwamba mambo mengine mtu hujionea mwenyewe. Kisha akampa gazeti. Pembeni, kwa mwandiko wa muuguzi, alikuwa ameandika neno moja: *Nimekubari.*

Mwalimu alilisoma mara mbili. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni ukashika kalamu nyekundu, na Specioza aliuona.

"Kuna kosa, Mwarimu?"

Mwalimu aliiachia ile kalamu, akautoa mkono ukiwa mtupu. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakujali nani anamtazama.

"Hakuna," akasema. "Umeandika vizuri sana."