Mshale Usioshuka

Miaka kumi na minne nimetengeneza magari Garissa, na kama kuna kitu kimenichosha kuliko jua lenyewe, ni watu kulisingizia jua. Betri ikifa, ni jua. Gurudumu likipasuka, ni jua. Nami nimekuwa vivyo hivyo, ndiyo maana nasimulia haya bila raha.

Hinda alifika gereji yangu ya mtaa wa Iftin alfajiri, kabla sijanywa chai. Yeye huchukua maziwa ya ngamia kwa akina mama wa Modogashe na kuyauza hapa mjini, kwa gari kuukuu la petroli ambalo shemeji yake, Bare, ndiye dereva wake. Wiki tatu mfululizo mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umepanda hadi mwisho, na Bare akawa anasimama kila baada ya kilomita chache kuipumzisha injini. Safari ya saa tatu ikawa ya saa saba. Maziwa yalifika yameharibika, hata kwa susa, yale ya kuchachushwa, hayafai, yakamwagwa.

"Fundi, mimi nimechoka," Hinda alisema. "Sahara amesema leo ndio mwisho. Maziwa ikiharibika tena, hawana imani na mimi, wanapea gari ingine."

Sahara ndiye mkubwa wa wale akina mama. Hinda hana biashara nyingine, na watoto wanne wanamtegemea yeye.

"Injini inachemka? Maji yanaruka?" nikamuuliza Bare, aliyekuja naye.

"Maji iko sawa. Lakini mshale iko juu. Wewe ulisema ikipanda, tusimame."

Kweli nilisema. Wiki tatu nyuma aliniletea gari saa nane mchana, mimi niko chini ya lori la mtu, mgongo unaniuma. Sikufungua hata boneti. Nilimwambia ni jua tu, awe anasimama lipoe.

Sasa nilikaa kwenye usukani nikazungusha ufunguo nusu, bila kuwasha. Mshale ukaruka hadi juu. Bare alikuwa ameliacha gari nje ya gereji tangu jana jioni, injini imelala usiku kucha, na mpira wa rejeta, nilipofungua boneti nikaushika, ulikuwa baridi kabisa. Basi mshale ulikuwa ukidanganya, na kwa wiki tatu tuliuamini sisi sote.

Nikamwachia Bare usukani, nikachomoa waya kwenye sensa ya joto. Ikiwa sensa ndiyo mbovu, mshale hushuka papo hapo.

"Bare, mshale umeshuka?"

"Bado."

Tatizo lilikuwa waya wenyewe. Shaba yake ikigusa chuma mahali popote, mshale hudhani injini inaungua. Niliufuata kwa vidole hadi nyuma ya injini, karibu na bomba la moshi, nikakuta umefungwa hapo kwa kipande cha mpira wa chubu ya gurudumu. Fundo lilikuwa langu. Nililifunga mwezi uliopita nikibadilisha plagi, kwa sababu waya ulikuwa unanizuia na nilitaka kumaliza nikalale. Mpira ulikuwa umeungua, ganda la waya limeyeyuka, shaba imelalia chuma.

Ningeweza kunyamaza. Nilikata pale palipoharibika, nikaunga waya mpya na kuupitisha mbali na moto. Mshale ukalala chini. Tulipowasha injini ukapanda polepole, ukatulia katikati. Hinda akaanza kuniombea dua.

"Dada Hinda, usinishukuru," nikasema. "Huo waya niliufunga mimi, vibaya. Na Bare alipokuja, sikuangalia."

Aliokota kile kipande cha waya nilichokata, akakitazama. Nilitamani anitukane yaishe.

"Nataka haal," akasema hatimaye.

Nimeishi na Wasomali vya kutosha kulijua neno hilo. Aliyekosa hutoa kitu cha kumtuliza aliyekosewa. Nikamwambia kazi ya leo ni bure, na ya mwezi ujao pia.

"Hiyo sitaki. Wale mama wanasema mimi ni mchafu, sioshi mitungi. Twende wote, useme mbele yao."

Nilikuwa na magari mawili yakisubiri. Nikapanda, mgongo na yote. Mshale haukutikisika njia nzima na hatukusimama hata mara moja.

Modogashe, akina mama walikuwa wamekaa na mitungi yao kando ya barabara. Nilisema kwa Kisomali changu kibovu kwamba mitungi ya Hinda ni safi, kosa ni langu, nilikuwa nimechoka siku ile nikasema ni jua. Niliona aibu kweli kweli. Sahara, mama wa miaka sitini hivi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili.

"Ile siku, kama ungeangalia, ingechukua muda gani?"

"Dakika kumi, mama."

Akawatafsiria wenzake. Mmoja wao akainuka, akamkabidhi Hinda mtungi wake, na wengine wakafuata. Niliinama nishike mmoja niwasaidie kupakia.

Sahara akauvuta upande wake.

"Wewe wacha," akasema. "Umechoka."