Pumzi ya Bomba

Mpira wa baiskeli ulikuwa umezungushwa mara sita kwenye valvu ya hewa, ukakazwa barabara. Mwanvita aliitambua kazi ya mjomba wake kabla hajauliza.

Alikuwa amepanda mpaka chanzoni kwa njia ya mkato, mwanawe Zuhura mgongoni, akakuta maji tele. Bondeni, tangi la zahanati lilikuwa kavu kwa siku ya pili. Nesi Angelina alikuwa amepiga simu tena: "Mama Zuhura, mzazi mmoja ana uchungu, na ndoo imebaki nusu. Yatakuja?"

"Yanakuja," alijibu, akalifuata bomba hadi hapa shambani kwa mjomba.

Darasani, kwenye masomo ya jioni mjini, alilichora bomba hili: linapanda na kushuka na vilima, hewa inajikusanya kileleni, valvu inaitoa. Aliyelisanifu aliwaza hata hewa. Hakumwaza Mjomba Hafidhi.

Huyo hapo, anatoka migombani na panga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema kama umeiba kuku?"

"Mpira huu ni wako?"

"Wangu. Kidude kilikuwa kinafoka na kutema maji kutwa. Nikakinyamazisha. Asante yenyewe sijaipata."

"Kilikuwa kinatoa hewa, mjomba. Isipotoka, maji hayapiti."

"Ndiyo mnayofundishana huko gizani?"

Katika ukoo wao shamba lilitoka kwa mama, lakini neno lilikuwa la mjomba. Mpwa hafungui alichofunga yeye. Hasira ilimpanda Mwanvita, kisha ikamgeukia mwenyewe. Siku ya uzinduzi wa bomba, yeye, katibu wa kamati ya maji, alisoma risala ya kurasa mbili. Mzee aliyeishi na bomba shambani mwake hakuelezwa neno.

Simu ikaita, Nesi Angelina tena. Hakuipokea, alimkabidhi mjomba. Mzee alisikiliza, akauliza taratibu, "Nusu ndoo?"

Kisha akaukata mpira.

Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu, mtoto akashtuka. Maji yakaruka, valvu ikajifunga. Chini ya kiganja cha Mwanvita bomba lilipata ubaridi, likatetemeka. Akatabasamu. Mjomba hakutabasamu, alikuwa akifuta panga lisilo na uchafu.

"Mwanvita."

"Abee, mjomba."

"Vidude vile viwili vya vilima vya mbele… navyo vilikuwa vinafoka."

Mwanvita aliangalia mteremko: mwendo wa saa nzima kwa mama mwenye mtoto. Alipokuwa akikaza khanga ya mbeleko, mjomba alikuwa ameshavua kandambili, anateremka mbio.