Majina Thelathini na Moja ya Zongwe

"Uliapa, Mama Kapinga! Mkono juu, mbele ya bendera, na sisi wote tunaona."

"Niliapa kutunza siri za serikali, Papa Mwamba. Sikuapa kuua watu wa Zongwe."

"Nani amesema kuua? Wanaenda kukamatwa."

"Basi soma. Soma kwa sauti."

Hakusoma. Karatasi ilikuwa mezani kati yetu, kando ya redio ya phonie, kwa mwandiko wangu, maana njo mimi niliyeupokea ujumbe asubuhi ile. Wanaume thelathini na mmoja wa Zongwe, majina yao hapa chini, wamejiunga na waasi. Wakamatwe leo. Atakayekimbia apigwe risasi. Boti ya askari ilikuwa bandarini ikitiwa mafuta. Ingeondoka saa sita mchana.

Majina hayo niliyatuma mimi. Kila Jumatatu machifu wa vijiji hututajia kwa phonie waliokosa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi ya kufyeka barabara na kuzibua mitaro. Naandika, natuma juu. Zongwe, wanaume thelathini na mmoja walikosa Jumamosi mbili mfululizo. Kila mtu wa ziwani anajua sababu: mwezi haukuwapo. Siku za giza wavuvi wanatoka na taa kutafuta ndagala, wanarudi alfajiri, wanalala. Lakini fomu haina nafasi ya sababu. Ina nafasi ya jina na ya neno moja: hayuko. Niliandika hayuko mara thelathini na moja, kisha nikanywa chai yangu. Huko juu mtu asiyelijua ziwa akasoma hayuko, akaelewa yuko porini.

"Nimekwenda kwa mkubwa wetu wa kazi," nikasema. "Nimemweleza habari ya mwezi."

"Akasema nini?"

"Kwamba mtu wa phonie ni mdomo, si kichwa."

Mwamba alitoa kicheko kifupi. Si mtu mbaya. Kazi hii alinifundisha yeye.

"Sikia, Mama. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa juu ya lori la askari, barabara ya Moba. Muntu mmoja wa phonie alimwambia shemeji yake saa ambayo lori litapita. Huruma tu, ili shemeji asipite huko na baiskeli yake. Shemeji naye akamwambia mwingine, mpaka habari ikafika kwa waasi porini. Tuliletewa kiatu. Kimoja. Mama yetu alikizika."

"Pole. Najua."

"Hujui. Yule naye alijiambia anaokoa watu."

Nikatazama saa ya ukutani.

"Na kama mmoja kati yao ni muasi kweli?" akaendelea. "Unawajua wote?"

"Siwajui. Lakini niliwaandika wote bila kuuliza."

"Wakikimbia, watakuwa wamekiri."

"Watakuwa waasi wenye pumzi. Sasa hivi wamelala, Papa Mwamba. Askari watawakuta juu ya mikeka."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Saa nne kamili vituo vyote vya kando ya ziwa hufungua phonie, na nesi wa Zongwe, Mama Marthe, hutoa hesabu ya wagonjwa wake. Kwenye phonie hakuna kunong'ona. Ukimwambia mmoja, Mpala wanasikia, Moba wanasikia, kambi ya askari inasikia. Nilifikiria kusema kwa mafumbo, nikaacha. Nesi akipoteza saa nzima kufumbua maneno yangu, boti haitamngoja. Na hakuna mtu wa miguu wa kuitangulia boti.

"Una batoto wane, Mama."

"Ninao."

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na tatu, anajua kusonga bukari. Dada yangu alikuwa Manono, angewapokea. Zaidi ya hapo sikuwa na la kupanga.

"Toka nje, Papa. Ukiwa nje, hukusikia kitu."

Alichukua kofia yake, akatoka. Nilisikiliza viatu vyake kwenye baraza. Havikuelekea langoni. Vilielekea kwenye biro, ofisi ya mkubwa, na vilikuwa na haraka.

Nikafunga mlango kwa komeo, nikausukumia na benchi. Nikabonyeza kitufe.

"Zongwe, Zongwe, hapa Kalemie. Mama Marthe, usijibu, sikiliza tu. Boti ya askari inatoka huku saa sita, inakuja kukamata wavuvi wenu. Inasemwa ni waasi. Atakayekimbia mbele yao atapigwa risasi, kwa hiyo waondoke kabla boti haijafika. Kabla, Mama, si baadaye. Waamshe hawa."

Nikaanza kusoma. Nilisoma polepole, kila jina mara mbili, kwa sababu upepo ulikuwa unakwaruza sauti. Kwenye jina la kumi na tisa mlango ulianza kupigwa mateke. Nikaongeza sauti, nikasoma la ishirini.