Bunduki ya Thora

Baada ya mashine ya kufunga majani kumla dada yangu Thora mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, majirani wa mji wetu mdogo wa Judith Gap walituletea vyakula hadi friji ikagoma kufunga. Walileta na ushauri. Wengi walimwambia msimu wa kuwinda ukifika akae garini na chupa ya kahawa, sisi wengine tupande mlimani. Thora aliwashukuru kwa vyakula.

Kwetu Montana vuli ikiingia hakuna anayekuuliza kama utakwenda kuwinda. Wanauliza utakwenda na nani. Baba alitufundisha sisi mabinti zake kabla hatujajua kuendesha gari, na mwenye shabaha alikuwa Thora. Mimi, Signe, nilikuwa mbebaji wa nyama.

Bunduki aliyotuachia baba ilikuwa ya komeo. Mkono mmoja unavuta komeo, mwingine unashikilia mtutu. Majira yote ya baridi Thora aliijaribu sebuleni bila risasi, akiiegemeza kwenye kiti, kwenye goti, kwenye dirisha. Kila akivuta komeo, bunduki nzima iligeuka na kumponyoka. Mwisho akairudisha ukutani.

"Nataka ya risasi moja," akaniambia. "Zile za zamani zenye wenzo chini ya kifyatulio. Unausukuma wenzo, mlango wa chuma unashuka, unatia risasi, unafunga. Mkono mmoja unatosha."

"Na ukikosa?"

"Sikosi."

"Nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu."

Za dukani zilimlemea upande wa mbele, kigutu chake kikachoka kabla hajalenga. Tukaenda kwa Emil Raskob, fundi bunduki wa Lewistown, mzee asiyependa maneno mengi. Alimpima Thora mabega na shingo kama fundi cherehani, kisha akasema, "Niletee mwili wa chuma, mtutu na mti wa kitako. Vidude vilivyobaki niachie mimi."

Mwili wa chuma, ile sehemu ya katikati inayobeba kila kitu, tuliupata kwenye maonyesho ya bunduki, ndani ya ndoo ya bawaba na misumari chini ya meza ya Delbert Yount. Ulikuwa na kutu, hauna mtutu wala kitako. Thora alipousukuma wenzo wake, mlango ukashuka taratibu bila kukwaruza. Niliuona uso wake, nikajua safari ya kurudi nyumbani mikono mitupu haipo.

"Huo siuzi," Delbert akasema.

"Ndiyo maana umeuweka na misumari?"

"Binti, mimi nabadilishana. Nasikia una tandiko ulilojishindia ukikimbiza farasi."

Nilimvuta Thora koti. Tandiko lile lilikuwa na jina lake limechorwa kwenye ngozi, na lilikuwa limekaa ghalani tangu ajali bila mtu kuthubutu kuligusa. Thora akamwambia Delbert asogeze gari lake karibu na letu, maana tandiko lenyewe alikuja nalo. Mimi sikujua. Njiani alilia mpaka mji wa Harlowton, mwili wa chuma umelala mapajani, na tulipofika alinunua pai ya cheri akala yote peke yake.

Mtutu ulikuwa kwa binamu yetu Orrin. Aliununua mpya akitaka kujitengenezea bunduki, ukaishia chini ya kitanda. Jumapili moja, mezani kwa mama, Thora aliuomba.

"Nikupe mtutu wangu mzuri uufanyie fimbo ya kutembelea?" Orrin akasema.

"Afadhali fimbo. Sasa hivi mtutu wako unawinda panya chini ya kitanda."

"Haya. Liko bamba la chuma ng'ambo ya korongo. Ulipige kwa bunduki yangu, mtutu ni wako. Ukikosa, unanifulia soksi za kuwindia msimu mzima."

"Orrin, hizo soksi hata mbwa anazikwepa," mama akasema.

Tulitoka wote, mama akiwa bado na aproni. Orrin alimtilia risasi bundukini. Thora akalala nyuma ya robota la majani, akaitegemeza bunduki juu yake, kitako begani. Upepo wa Judith Gap hauna adabu, ukamrushia nywele usoni. Akangoja. Ulipotulia akafyatua, na kabla sijashusha pumzi tukalisikia bamba likilia kule ng'ambo.

Orrin alikuna kidevu. "Ngoja nikamwambie mke wangu kitanda chetu kitashuka kidogo."

Ukabaki mti. Emil alitaka ubao wa mjozi, mnene, uliokauka miaka mingi. Tulizunguka kila karakana bila kupata. Ni mama aliyetusikia tukilalamika, akainua ubao wake wa kukandia unga, wa mjozi huo huo, mzito kama jiwe, aliokuja nao bibi kutoka Iowa.

"Mama, mkate je?"

"Vidole vyangu havikandi tena, mwanangu. Mnadhani Thora ndiye pekee mwenye mkono mbovu humu ndani?"

Thora akacheka, kicheko cha kwanza cha kweli tangu ajali, na mama naye akacheka mpaka akakaa.

Emil alipomaliza, bunduki ilikuwa fupi na nyembamba, uzito wake umerudi nyuma karibu na bega. Chini ya mtutu alikuwa amefunga kikombe cha ngozi cha kuingizia kigutu. Mara ya kwanza kikateleza na mtutu ukamgonga Thora kwenye nyusi. Emil akataka kukichukua akakirekebishe.

"Niachie," Thora akasema. Akakifumua, akakishona upya mwenyewe, akivuta uzi kwa meno. Hakikuteleza tena.

Novemba tulipanda milima ya Snowy, yeye, mimi na Orrin, vizibao vya rangi ya chungwa juu ya makoti, theluji ikifika chini kidogo ya magoti. Kulikuwa kumeshapambazuka kabisa tulipoliona dume la elki, yule kulungu mkubwa wa kwetu, likitoka msituni, pembe zake pana kama kitanda cha mtoto. Orrin aliinua bunduki yake. Nikamkanyaga mguu.

Thora alipiga goti. Akasukuma wenzo, akatia risasi, akafunga, kigutu kikaingia kwenye kikombe. Elki lilitembea, likasimama, likageuza ubavu. Mlio ulipotoka ukaizunguka milima yote. Dume lilipiga hatua chache kana kwamba limekumbuka kitu, likalala.

Thora alifungua mlango wa bunduki, ganda la moto likaruka kwenye theluji, akatia risasi nyingine na kufunga, akalitazama elki kwa muda. Halikusogea tena. Ndipo akasimama, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama alivyokuwa akisimama zamani juu ya farasi.

Tulipomaliza kuchuna, Orrin akanyoosha mkono. "Lete nikubebee bunduki, dada."

"Bunduki naibeba mwenyewe," Thora akasema. "Wewe beba paja. Hilo kubwa."